Hesabu ya Vyumba Viwili

Majibu yetu yalipofanana, ukumbi mzima ulipiga makofi. Mimi nilibaki nimeshika chaki, nautazama ubao kwa wasiwasi wa mtu aliyerudishiwa chenji kubwa kuliko noti aliyotoa.

Pale kwenye Taasisi ya Vigae tuna desturi yetu. Hesabu yoyote itakayokaa juu ya vichwa vya watu waliolala inafanywa na watu wawili, katika vyumba viwili, kwa njia mbili zisizohusiana. Mpaka siku ya majibu hawaruhusiwi kuulizana chochote kuhusu kazi, na hata chai wanakunywa meza mbalimbali. Siku ikifika unaletwa ubao wa magurudumu wenye nyuso mbili. Huyu anaandika jibu lake upande huu, yule upande ule, halafu ubao unazungushwa mbele ya watu wote.

Upande wangu mimi, Otilia Mbano, niliandika 71.4. Mimi ni mtu wa kalamu na karatasi, na sioni aibu. Upande wa pili alikuwepo Dkt. Ngusa Lukelesha, Msukuma wa Bariadi, mtu mnene mwenye kicheko kinachosikika mpaka getini. Yeye anajenga kigae cha kufikirika ndani ya kompyuta, atomi baada ya atomi, kisha anakitikisa mpaka kiharibike. Ubao ukazungushwa. 71.4.

"Mpaka desimali!" akasema kwa sauti Injinia Tabitha Mollel, mkurugenzi wetu. "Jamani, mpaka desimali!"

"Mngoni ameniibia," Ngusa akasema. "Toka enzi za babu zake kazi yao ni hiyo, kuvamia vya watu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Wangoni na Wasukuma ni watani, na mtani hakasirikiwi, kwa hiyo na mimi nikacheka. Nikamjibu kwamba siku Msukuma atakapoweza kuhesabu kitu kisicho na pembe, dunia itakuwa imefika mwisho. Watu wakacheka zaidi. Lakini Ngusa, ambaye akishanitania hunikodolea macho akisubiri nijibu, safari hii alikuwa anajipangusa chaki vidoleni na kuangalia sakafu.

Hapo ndipo shaka iliponiingia. Fomula yangu inaacha vitu vidogo vidogo kwa makusudi, la sivyo nisingeimaliza mpaka nizeeke. Mashine yake haiachi kitu, ila inatikisa, na kila ikitikisa jibu linachezacheza kidogo. Watu wawili wa namna hiyo wakikaribiana wanamshukuru Mungu. Wakikutana kwenye desimali, mmoja wao amechungulia.

Sikuchungulia mimi.

*

Nieleze kigae ni nini, maana wengi wanaolala chini yake hawajui, na sisi ndio tuliowaambia hawana haja ya kujua.

Ndani ya kitu kigumu kila elektroni ina kiti chake. Mwanga wa jua ukiipiga, inaruka na kuacha kiti kitupu. Elektroni hiyo na kiti chake kitupu vinavutana, vinatembea pamoja, na jozi hiyo ndiyo tunaiita eksitoni. Katika vitu vingi jozi haidumu. Elektroni inarudi kitini, nishati inapotea, basi. Ila fuwele ya vigae vyetu ni laini. Wavu wa atomi zake unabonyea kama kitanda cha kamba, na jozi ikitua mahali, kamba zinazama chini yake. Ikishajichimbia shimo haitoki tena. Inakaa humo na nishati yake mpaka jioni, tunapokipa kigae mpigo mdogo wa umeme. Jozi zinafunguka kidogo kidogo, na chumba kinapata joto na mwanga hadi asubuhi.

Swali ni ujaze jozi ngapi. Zikiwa mbalimbali kiasi, wavu uliobonyea unazisaidia kushikiliana mahali pake. Zikisongamana kupita kikomo, mambo yanageuka. Aliyewahi kulala na mwenzake kwenye kitanda cha kamba anajua jinsi wote mnavyoporomokea katikati. Mashimo yanaungana, jozi zinaangukiana, na nishati ya mchana mzima inatoka kwa mara moja. Huo tunauita mporomoko. Tumeuona maabara, kwenye kipande cha ukubwa wa kiganja, na meza ya chuma iliyokibeba haikuweza kutumika tena.

Kikomo cha asilimia 71.4 kilimaanisha kwamba bweni la wasichana la Sekondari ya Lihanga, ng'ambo ya bonde, lingejazwa hadi sabini na kuwa na joto usiku kucha. Lihanga Juni inaganda mpaka maji ya kwenye ndoo. Kabla ya vigae waliwasha majiko ya mkaa humo ndani, wakafunga madirisha, na mwaka juzi wasichana wanne hawakuamka. Binti yangu Editha yuko kidato cha pili pale. Analala kitanda cha juu, na akinyoosha mkono anagusa dari ya vigae.

Kwa hiyo nilirudi chumbani kwangu mchana ule ule, nikaanza hesabu upya. Sikuwa natafuta kosa langu. Nilikuwa natafuta wizi wake.

Nilipofika kwenye mstari unaojumlisha jinsi jozi jirani zinavyoshikiliana, kalamu ikasimama. Ya kwanza inaishikilia ya pili, na ya pili inaishikilia ya kwanza, lakini huo ni mshiko mmoja, si miwili. Mimi niliuhesabu mara mbili, kwa kila jirani, kwenye kigae kizima. Kosa hili nimewakata wanafunzi alama kwa miaka, tena nikiwacheka. Kigae changu cha kwenye karatasi kilikuwa imara kwa sababu nilikuwa nimekiongezea nguvu isiyokuwepo. Nikasahihisha, na kikomo kikashuka hadi hamsini na nane.

Niliogopa. Kisha, niseme ukweli wangu, nikafurahi kishetani, kwa sababu sasa nilikuwa na ushahidi. Mashine ya Ngusa haijumlishi majirani, inatikisa atomi tu. Haiwezi kufanya kosa lile hata ikilazimishwa. Kama kosa la kalamu yangu lilikuwa kwenye jibu lake, basi jibu lake lilitoka kwangu.

*

Nilimkuta kantini anakula ugali na samaki, amevaa koti jipya. Hilo koti nililitazama vizuri. Nafasi ya Mkuu wa Idara ilikuwa wazi, na ufunguo wa akiba wa mlango wangu ulikuwa kwa mkurugenzi. Mtu yeyote angeweza kuunganisha.

"Umeingia chumbani kwangu?" nikamwuliza kwa sauti ya chini.

"Chumbani kwako?" Akapaza sauti yake kusudi wengine wasikie. "Mama Editha, mimi ni mume wa mtu! Wangoni mnataka kunimaliza!"

Meza ya jirani wakacheka.

"Ngusa, sitanii."

"Na mimi sitanii. Mke wangu ana mikono mizito, muulize yeyote."

"Lile jibu ulilipata wapi?"

Akabugia tonge, akalitafuna muda mrefu kuliko lilivyostahili. "Kwenye mashine. Kwani wewe ulilipata wapi, kwa mganga?"

Nikatamani kummwagia mchuzi. Ndiyo ubaya wa utani huo, kila nilichosema kiligeuka mchezo kabla hakijamfikia. Wakati huo huo Injinia Tabitha akapita na sahani yake, akamgusa begani, akamwita mkuu mtarajiwa. Ngusa akatabasamu bila meno. Nikasema moyoni, basi, wako pamoja hawa, na kesho mchana saini zitatiwa bweni lijazwe, na mimi nitamshtaki nani kwa nani?

Kulikuwa na jambo jingine, na ndilo lililonitesa kuliko koti. Kanuni yetu iko wazi kwamba vyumba viwili vikivuja, vigae vyote vinavyotegemea hesabu hiyo vinamwagwa na kuzimwa mpaka hesabu ifanywe upya na watu wengine. Hiyo ni miezi. Ningesema, Lihanga wangerudi kwenye mkaa katikati ya Juni. Ningenyamaza, wangelala chini ya sabini wakati kikomo ni hamsini na nane. Mkaa unaua pia. Tofauti ni kwamba mkaa haukuandikwa ubaoni kwa mkono wangu.

Nilifanya nilichofanya kwanza, nacho hakinipi sifa. Nilipiga simu shuleni.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina. Dokta, habari za ng'ambo?" Huyo ni Sista Kalista, matroni wao, mwanamke anayesikia uongo kabla hujaumaliza.

"Nzuri. Namwomba Editha kwa siku chache. Nitatuma gari."

"Kuna msiba?"

"Hapana."

"Mgonjwa?"

"Hapana."

"Sasa niandike sababu gani? Maana na wenzake wataniuliza."

Nikawafikiria hao wenzake. Yupo mmoja anayesuka nywele za Editha kila Jumapili, na mwingine ambaye kila likizo namtumia karanga kwa sababu aliwahi kumpa mwanangu blanketi lake. Ningemtoa wangu, nikawaacha hao chini ya ile dari, halafu ningeendelea kuwatumia karanga?

"Acha tu, Sista. Nitakuja mwenyewe siku nyingine."

"Dokta. Kuna kitu?"

"Hakuna."

Hakukata simu. Nilimsikia anapumua, ananisubiri, na mimi ndiye niliyekata.

*

Siku ya saini ukungu ulikuwa umelala bondeni, ng'ambo hakuonekani kitu. Tulikaa meza ndefu, mkurugenzi mbele, kalamu yake juu ya karatasi. Nikasimama kabla hajaishika.

"Jibu langu si sahihi," nikasema. "Nimehesabu majirani mara mbili. Kikomo ni hamsini na nane, si sabini na moja. Na Dkt. Ngusa ana jibu kama langu kwa sababu alilichukua kwangu."

Mtu mmoja mwisho wa meza akaguna, mwingine akacheka, na meza nzima ikafuata.

"Hawa watani!" Injinia Tabitha akasema, anafuta machozi. "Mama Editha, tutie saini kwanza, halafu mkachinjane nje."

Nilikasirika, na papo hapo nikaona kichekesho cha jambo lenyewe. Miaka yote nilimwita Ngusa mwizi, mchawi, mla michembe ya viazi, mtumwa wa babu yangu. Sasa nilitaka kumwambia neno moja la kweli, na sikuwa na neno ambalo sikuwahi kulichezea. Nikamtazama. Hakuhitaji kufanya lolote zaidi ya kucheka. Kicheko chake kimoja tu kingenizika mimi na hamsini na nane yangu.

Ngusa akasimama. Akavua miwani, akaiweka mezani.

"Shikamoo, Dokta Otilia," akasema.

Vicheko vikakatika. Mtani hampi mtani wake shikamoo, na tena sisi tumezaliwa mwaka mmoja. Alikuwa ameufunga utani mbele ya mashahidi, na kila aliyekuwa pale alielewa kwamba kinachofuata si mchezo.

"Sikuiba," akasema. "Alinipa mwenyewe. Hakumbuki. Ni kwenye mazishi ya baba yake mdogo. Mimi ndiye niliyeingia kaburini."

Nikakaa bila kupenda, kwa sababu nilikumbuka.

Tulikuwa katikati ya kazi ya vyumba viwili. Baba mdogo alifariki, na Ngusa akasafiri nasi mpaka nyumbani kama inavyompasa mtani. Jeneza lilipofika makaburini, akaruka ndani ya shimo, akalala chali, akagoma kutoka. Wazee wakamwahidi kuku, akakataa. Wakamwahidi pombe ya ulanzi, akakataa. Akasema hatoki mpaka Mngoni huyu aje amwambie kikomo chake. Waombolezaji wakacheka huku wanalia, na mimi nilikuwa nimekesha, macho yamevimba, baba yangu mdogo anasubiri juani. Nikamfokea aliyekuwa kaburini: "Sabini na moja nukta nne! Toka humo!" Wazee walidhani ni tusi la wasomi. Akatoka, tukazika, na neno hilo likaenda na mengine yote yaliyosemwa siku ile.

"Nilikuwa natania," Ngusa akasema. "Sikutegemea ajibu. Mashine yangu ilikuwa inasema hamsini na nane. Wiki nzima, hamsini na nane. Nikajua nimekosea mimi, maana huyu hakosei. Nikaanza kurekebisha. Nikakaza wavu hapa, nikalegeza pale, mpaka mashine ikasema alichosema yeye. Na kila nilipokaribia nilifurahi, jamani. Nilidhani ndiyo kupatia." Akashika kola ya koti lake. "Hakuna aliyenihonga. Hili koti ni la harusi ya mdogo wangu. Nilimwamini tu."

Aibu niliyoipata sijaimaliza mpaka leo. Nilikuwa nimemshuku kwa kila kitu isipokuwa hicho.

Nilingoja mkurugenzi afoke. Hakufoka. Alikuwa anaitazama ile kalamu, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Injinia," Ngusa akamwuliza taratibu, "Lihanga wamejaza mpaka ngapi sasa hivi?"

"Majibu yalifanana mpaka desimali," akasema. "Nikaona saini ni karatasi tu. Watoto walikuwa wanatetemeka. Niliwaruhusu waanze kujaza siku ile ile."

"Ngapi?"

"Asubuhi hii, sitini na mbili. Jana jioni hawakuvifungua, ili vijae haraka."

Kijana wa mitambo akaikimbilia swichi ya mbali ili avipunguze vigae kwa mpigo wa umeme. "Usiguse!" tukapiga kelele mimi na Ngusa kwa pamoja, na hilo lilikuwa jibu letu la kwanza kufanana kihalali. Kigae kilichopita kikomo hakiporomoki papo hapo. Kinasubiri kisukumwe. Mpigo wa umeme ungekisukuma, na mlango uliobamizwa ungekisukuma, na miguu ya wasichana wanaokimbia pia.

Juu ya meza, karibu na mkono wangu, kukaingia mwanga. Nikageuka dirishani. Ukungu ulikuwa unapanda.

Nikapiga simu, na safari hii sikusubiri salamu. "Sista, wasichana wako wapi?"

"Bwenini, wanajisomea, madarasani hakukaliki kwa baridi." Alikuwa na furaha. "Ila jua limetoka, Dokta! Vigae vinajaa vizuri. Njoo usikie vinavyovuma."

Mvumo ule niliujua. Wavu ukilegea kabla ya kukatika, ndivyo unavyolia.

"Sista, jana uliniuliza sababu."

"Nakusikiliza."

"Watoe wote. Peku, mmoja mmoja, kwa kunyata. Asikimbie mtu, asifunge mlango mtu, kengele isigongwe. Wakifika nje waende mpaka mwisho wa uwanja, waligeuzie bweni mgongo."

"Nilijua," akasema, na hakuuliza jingine.

Simu akaitia mfukoni bila kuikata. Tukaiweka yangu katikati ya meza, tukainamia. Tulisikia kitambaa kinasuguana na simu, tukamsikia Sista ananong'ona vueni viatu, vueni, acha daftari, acha. Kisha nyayo. Nyayo za peku kwenye saruji, nyingi, polepole, na nyuma yake ule mvumo, unapanda. Mtoto mmoja akakohoa na meza yetu nzima ikashtuka. Nilisubiri kusikia jina la Editha na sikulisikia. Ngusa alikuwa amenishika mkono, na sijui alianza lini.

Baadaye ukaja upepo kwenye simu, na pumzi za mwanamke mzee anayetembea haraka.

"Tuko kwenye nyasi," Sista akasema. "Nimewahesabu wote. Tunaendelea. Dokta, mbona vimenya—"

Ukuta wa ukumbi wetu ukawa mweupe. Ilikuwa mchana na jua linawaka, lakini vivuli vyetu vilichorwa ukutani upya, vyeusi kabisa, upande usio wa kawaida. Ng'ambo ya bonde, juu ya mgongo wa Lihanga, kulikuwa na mwanga usiotazamika. Mshindo ukafika baada yake, vioo vikatetemeka, na kwenye simu zikabaki kelele tupu.

Injinia Tabitha alikuwa amepiga magoti sakafuni, sijui anasali au ameanguka. Niliendelea kusema "Sista, Sista," mpaka neno likapoteza maana.

Zile kelele zikapungua kidogo kidogo, zikawa vilio vya wasichana wengi, vilio vya watu walio hai na wazima, na katikati yake mtu akaokota simu.

"Mama?"

"Editha."

"Mama, viatu vyangu vimebaki ndani."

Nilitaka kumwambia nitamnunulia vingine. Nilitaka kumwambia pia ni nani aliyeandika 71.4 kwenye ule ubao, kabla hajaambiwa na watu. Nilipofungua mdomo nikaangua kilio, na kilikataa kunyamaza. Ngusa akanipokonya simu. Akajikohoza, akamwambia mtoto asiogope, ni kicheko tu cha Kingoni kinamsumbua mama yake, hapa anacheka.